Kilengeo cha nukta nyekundu cha bei nafuu: kukichagua, kukifunga na kukisawazisha

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Nichukue kipi? Nikifunge wapi? Mbona nukta inaonekana kama nyota iliyochanika? Mbona juzi risasi zilipiga katikati na leo zote ziko kushoto? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia dukani mpaka kwenye uwanja wa shabaha.

Kabla hujatoa hela, elewa hili: kilengeo cha bei nafuu kinapolaumiwa kwamba kinahama, mara nyingi chenyewe hakina kosa. Kosa liko kwenye skrubu iliyolegea, mafuta yaliyoachwa chini ya kishikio (kipande kinachokibana kilengeo kwenye bunduki), au reli, yaani ule ukanda wa juu ya bunduki kinapofungwa kishikio, isiyokaa imara. Ndiyo maana sehemu ya kufunga ni ndefu kuliko nyingine. Usiiruke hata kama ulishanunua.

Kinavyofanya kazi, kwa kifupi

Hii si leza. Hakirushi mwanga wowote kwenye shabaha. Ndani mna taa ndogo ya LED inayomulika kioo chenye mpako maalumu, na kioo kinaurudisha mwanga ule mwekundu jichoni mwako. Unaona nukta inayoelea juu ya shabaha. Hakikuzi kitu, anayetaka kuona tundu la risasi la mita 100 anunue darubini.

Kipimo utakachokutana nacho kila mahali ni MOA, ambacho ni kipimo cha pembe. MOA 1 ni karibu sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100, sentimita 1.45 kwa mita 50, na sentimita 0.73 kwa mita 25. Ziandike namba hizo tatu kwenye karatasi. Utazihitaji uwanjani.

Kuchagua

Anza na bunduki, kisha ndipo uangalie kilengeo. Tazama juu ya mwili wa bunduki: kuna reli ya aina gani?

Reli ya Picatinny ina mifereji yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10. Reli ya Weaver inafanana nayo, lakini mifereji yake ni myembamba zaidi, milimita 4.57, na nafasi kati yake hazina kipimo kimoja. Kishikio cha Weaver kwa kawaida kinakaa kwenye Picatinny. Cha Picatinny mara nyingi hakiingii kwenye Weaver, na mtu anayekilazimisha huishia kukikalisha juu ya mfereji badala ya ndani yake. Bunduki nyingi za .22 na za upepo zina reli nyembamba ya mkia wa njiwa, ya milimita 11 au karibu na hapo. Hiyo inataka kishikio chake. Kama bunduki haina reli kabisa ila ina matundu ya skrubu yaliyozibwa, tafuta reli iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa. Kama haina hata matundu, mpelekee fundi wa bunduki. Kutoboa chuma cha bunduki kwa drili ya nyumbani si kazi ya anayeanza.

Halafu umbo. Kuna vya bomba na kuna vya dirisha la wazi. Cha bomba kimefungwa mbele na nyuma, taa yake iko ndani, mvua na vumbi haviifikii. Cha dirisha la wazi ni chepesi na kinaonyesha eneo kubwa, lakini tone moja la maji au kipande cha jani kikikaa juu ya taa, nukta inapotea au inatawanyika. Kwa bunduki ya kwanza na kwa bei ya chini, chukua cha bomba. Vilengeo vya bei ya wastani kama Sig Sauer Romeo5 na Holosun HS403B viko kwenye kundi hilo. Vina nukta ya MOA 2, vinatumia betri ya CR2032, na vinajiwasha bunduki ikitikisika. Bushnell TRS-25 ni ya zamani zaidi na rahisi zaidi, ina nukta ya MOA 3 na swichi ya kuzungusha. Hiyo ukisahau kuizima, betri itaisha.

Ukubwa wa nukta: MOA 2 au 3 inafaa kazi nyingi za bunduki ndefu. Nukta ya MOA 2 inafunika karibu sentimita 3 kwa mita 50. Ya MOA 6 inafunika karibu sentimita 9 kwa umbali huohuo, na sentimita 17 kwa mita 100. Inaonekana haraka, lakini inaficha shabaha ndogo.

Soma pia mambo haya kwenye boksi kabla ya kulipa:

- Kiwango cha mshtuko. Kitaje kwa uwazi risasi au aina ya bunduki ambayo kilengeo kinaihimili. Vilengeo vilivyotengenezwa kwa bunduki za plastiki za mchezo vinafanana sana na vya kweli kwa nje, na bei yake inavutia mno. Mshtuko wa risasi halisi huvivunja ndani: waya unakatika au kioo kinaachana na gundi yake.
- Maji. IPX7 maana yake kimejaribiwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Neno "kinastahimili maji" bila namba halina uzito.
- Betri. CR2032 inapatikana karibu kila mahali. Ahadi ya saa 50,000 ni kama miaka 5 na nusu, lakini hupimwa kwa mwanga wa kati. Ukikiacha kwenye mwanga wa juu kabisa muda wote, muda huo unapungua sana.
- Mpangilio wa matundu ya chini. Vilengeo vingi vidogo vya bomba vimefuata mpangilio wa Aimpoint Micro wenye skrubu nne. Ukichukua cha namna hiyo, vishikio vya kila kimo vipo tele na unaweza kubadilisha baadaye bila kununua kilengeo kingine.

Tahadhari na nakala bandia. Jina kubwa, bei ya kutupa, boksi lenye herufi zilizokosewa, hakuna namba ya mfululizo: achana nacho. Ni heri kampuni isiyojulikana sana yenye waranti inayoeleweka kuliko jina kubwa la uongo.

Kimo cha kishikio ndicho watu wengi hukisahau. Bunduki yenye kitako kinachoshuka, kama za kuwindia za bolti, inataka kishikio kifupi ili shavu likae kwenye mbao na jicho likute nukta. Bunduki za mtindo wa AR-15 zina kitako kilichonyooka, kwa hiyo zinataka kishikio cha juu. Kimo cha karibu milimita 36 kutoka juu ya reli hadi katikati ya kioo kinaweka nukta usawa mmoja na vilengeo vya chuma (vile vya kawaida visivyo na kioo). Cha karibu milimita 40 kinavishusha vilengeo hivyo kwenye theluthi ya chini ya kioo, na wengi hukipenda kwa sababu havikuzuii kuona. Jipime hivi: bunduki ikiwa tupu, fumba macho, iweke begani na shavu mahali pake kama kawaida, kisha fumbua. Kama itabidi unyanyue kichwa au ukikandamize ili uione nukta, kimo si chako.

Kama unavaa miwani ya astigmatizimu, au unashuku unayo hali hiyo, angalia ndani ya kilengeo kabla ya kununua. Nukta ikionekana kama mkia, nyota au zabibu kadhaa zilizoshikana, punguza mwanga kwanza. Ikibaki vilevile, ipige picha kwa simu kupitia kioo. Picha ikionyesha duara safi, tatizo ni jicho, na kubadilisha kilengeo cha LED kwa kingine cha LED hakutasaidia. Hapo tafuta kilengeo cha prizimu chenye alama iliyochongwa kwenye kioo.

Vya kuandaa

- Kilengeo, kishikio chake, na kijitabu cha maelekezo. Usikitupe, vipimo vya kukaza viko humo.
- Bisibisi za nyota, hasa T10 na T15, na spana za L za milimita na za inchi. Ingiza spana na uitikise kidogo. Ikicheza ndani ya skrubu, si saizi yake hata kama inazungusha.
- Bisibisi au spana ya kupimia nguvu ya kukaza, yenye kusoma kuanzia Nm (nyutoni-mita) 1 hivi. Si lazima, lakini inaondoa ubishi wote.
- Spiriti au asetoni, na pamba au kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Gundi ya skrubu ya rangi ya buluu, nguvu ya kati. Si nyekundu. Nyekundu inataka joto la nyuzi zaidi ya 250 ili iachie, na joto hilo litaua kilengeo kwanza.
- Kalamu ya rangi ya kuweka alama.
- Betri mpya ya akiba. Zile za vitufe ni hatari kubwa kwa mtoto akimeza, zifungie.
- Mifuko ya mchanga au kitu kingine kizito cha kuegemezea bunduki, karatasi kubwa za shabaha, na risasi 20 hadi 30 za aina moja unayotumia siku zote.

Sheria za silaha na vifaa vyake zinatofautiana. Hakikisha leseni yako na sheria ya unapoishi vinakuruhusu kabla hujaagiza chochote.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Toa magazini. Fungua bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe haina kitu. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. Rudia ukaguzi huu kila ukiiacha bunduki na kurudi, hata kama ulikwenda kunywa maji tu.

2. Iweke bunduki isitikisike, mdomo wa mtutu ukielekea upande salama. Ukiibana kwenye jiriwa, weka mpira au mbao pande zote mbili.

3. Weka betri, upande wa kujumlisha ukiangalia juu isipokuwa kijitabu kiseme vingine. Toa kile kikaratasi cha plastiki kinachozuia umeme. Kimewafanya wengi warudishe kilengeo kizima dukani. Washa na upitie ngazi zote za mwanga. Ngazi za mwanzo kwenye baadhi ya vilengeo ni za miwani ya kuonea usiku, na kwa macho matupu huoni kitu kabisa. Panda juu hadi uione nukta.

4. Chagua mahali. Kikae kwenye mwili wa bunduki, si kwenye sehemu ya mbele ya kushikia. Sehemu ile hupata joto na hupinda kidogo ukiiegemeza, na nukta inafuata. Usikifunge pia mguu mmoja kwenye mwili na mwingine mbele. Kwenye bunduki za mtindo wa AK, jihadhari na kile kifuniko cha juu cha bati: kinachezacheza kila risasi inapotoka, kwa hiyo reli iliyowekwa juu yake haishiki usawa isipokuwa imeundwa kwa bawaba imara ya kuzuia mchezo huo. Reli ya ubavuni ndiyo ya kuaminika huko. Kwenye bunduki ya bolti, acha nafasi ya vidole na ya ganda kutoka. Umbali wa jicho hauna masharti kama ya darubini, kwa hiyo kikiwa mbele kidogo hupungukiwi kitu.

5. Safisha. Pitisha pamba yenye spiriti kwenye reli, chini ya kishikio, kwenye skrubu na ndani ya matundu yake. Pamba ya mwisho itoke nyeupe. Asetoni isiguse lenzi wala plastiki. Hatua hii huchukua dakika chache, na bado ndiyo inayorukwa kuliko zote: mafuta ya kiwandani huonekana kama mng'ao tu, lakini gundi haishiki juu yake na kishikio kinateleza taratibu kila risasi.

6. Funga kilengeo kwenye kishikio kwanza, kabla ya kukipandisha kwenye bunduki. Weka tone dogo la gundi ya buluu kwenye meno ya kila skrubu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Zaidi ya hapo itavuja kuelekea kwenye swichi. Kama skrubu zimetoka kiwandani zikiwa na mpako mkavu wa rangi, hizo zina gundi yake tayari, usiongeze. Ziingize zote nne kwa vidole mpaka ziguse, halafu kaza kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Kijitabu ndicho kinachoamua. Kikiwa kimya, skrubu hizi ndogo hukaa kati ya Nm 1.4 na 2.

7. Angalia urefu wa skrubu. Iliyo ndefu mno inagota chini kabla haijabana, unahisi imekaza kumbe kilengeo kiko huru. Au inapenya na kugusa sehemu za ndani. Kila skrubu iwe imeshika angalau mizunguko minne kamili.

8. Pandisha kwenye reli. Jino la chini liingie ndani ya mfereji, si juu ya tuta. Sasa sukuma kilengeo kizima mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, mpaka jino liguse ukuta wa mbele wa mfereji, na ukishikilie hapo unapokaza. Sababu ni hii: risasi inapotoka, bunduki inarudi nyuma na kilengeo kwa uzito wake kinataka kubaki pale pale, yaani kinakimbilia mbele ya reli. Kikiwa kimeshagota mbele, hakina pa kwenda. Kikiachiwa hata nusu milimita, kitaitafuta.

9. Kaza skrubu au nati ya ubavu. Kwa vishikio vidogo vya alumini, kama hakuna maelekezo, Nm 1.7 hadi 2.3 inatosha, vile vizito vyenye nati ya chuma vinaweza kutaka zaidi ya Nm 7, kwa hiyo usikisie kutoka kimoja kwenda kingine. Huna kipimo? Ingiza mkono mrefu wa spana ya L kwenye skrubu na usukume mkono mfupi kwa vidole viwili tu mpaka vidole vishindwe. Usiongeze bomba, usibane na koleo. Nguvu nyingi inapinda kishikio, na bomba la kilengeo likipinda, skrubu za kurekebisha ndani zinakwama.

10. Chora mstari mmoja mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuishia kwenye kishikio. Fanya hivyo kwa kila skrubu. Mstari ukikatika siku moja, umejua bila kugusa spana.

11. Iache saa 24 gundi ikauke. Unaweza kutazama kupitia kioo, usiipige risasi bado.

Bunduki za upepo za springi zinahitaji neno la pekee. Pistoni inaporuka mbele bunduki inarudi nyuma, na pistoni inapogota bunduki inatupwa mbele. Mshtuko unakuja pande mbili kwa mpigo mmoja, na umeharibu vilengeo vilivyohimili bunduki kubwa za kuwindia. Nunua kilichoandikwa wazi kwamba kinafaa springi, na tumia kishikio chenye pini inayoingia kwenye tundu la reli.

Kusawazisha

Fanya kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, miwani usoni na kinga masikioni.

12. Anza bila risasi kama bunduki yako inakubali. Kwenye bunduki ya bolti, toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama kupitia mtutu mpaka duara jeusi la mita 25 likae katikati ya tundu. Bila kuitikisa bunduki, zungusha skrubu za kilengeo mpaka nukta iguse duara hilohilo. Ukitumia leza ya kuingiza kwenye mtutu au kwenye chemba, itoe na uishike mkononi kabla ya kuweka risasi. Ikisahauliwa kwenye mdomo wa mtutu, mtutu unaweza kupasuka.

13. Punguza mwanga. Nukta iwe inaonekana bila kung'aa kingo. Nukta yenye kung'aa inavimba, na unajikuta unalenga kwa wingu.

14. Kwa mita 25, piga risasi 3 ukilenga sehemu ileile, macho yote mawili wazi. Usiguse kilengeo baada ya risasi moja. Tafuta katikati ya matundu matatu, pima kutoka hapo hadi ulipolenga.

15. Hesabu. Mfano: kundi liko sentimita 6 chini na sentimita 3 kulia, na kliki moja ya kilengeo chako (hatua moja ya skrubu ya kurekebisha) ni MOA 1. Kwa mita 25 kliki moja inasogeza sentimita 0.73, kwa hiyo unahitaji kliki 8 kwenda juu na 4 kwenda kushoto. Kama kliki ni ya MOA 0.5, zidisha kwa mbili. Kijitabu kinasema ni ipi.

16. Mshale wenye neno la juu au la kulia unaonyesha risasi itakakokwenda. Nukta yenyewe ndani ya kioo itasogea upande wa pili. Risasi zikipanda, nukta imeshuka. Anayefuata nukta kwa macho hugeuza kinyume na kundi linazidi kukimbia.

17. Piga risasi 3 tena. Kundi likishakaa mahali pake, sogea mita 50 na umalizie kwa risasi 5. Kwa .22 na kwa bunduki nyingi za risasi ya ukubwa wa kati, mita 50 ni umbali mzuri wa kumalizia. Kwenye bunduki yenye kilengeo kilichokaa juu, sentimita 6.5 hivi juu ya mtutu, ukisawazisha kwa mita 50 risasi itapiga kama sentimita 5 chini ya nukta kwa mita 10. Hilo si kosa la kilengeo. Jicho liko juu ya mtutu, na risasi haijafika usawa wa macho bado.

18. Rudisha vifuniko vya skrubu za kurekebisha, mpira wake wa ndani ukiwa mahali pake. Kagua mistari ya rangi. Baada ya risasi 20 za kwanza, kagua tena.

Kama una vilengeo vya chuma pia, usizungushe nukta mpaka ikae juu ya ncha ya kile cha mbele ukadhani kazi imekwisha. Ni mwanzo mzuri wa kufika kwenye karatasi, basi. Vyote viwili vinaweza kuwa sawasawa na nukta isikae kwenye ncha, hasa kichwa kikisogea kidogo.

Mambo yakienda mrama

Kundi linahama kila safari. Anza na mistari ya rangi. Kisha shika kilengeo kwa mkono, bunduki tupu, na ujaribu kukisokota. Weka kidole cha mkono wa pili kwenye mwungano wa kishikio na reli. Mchezo ambao jicho halioni, kidole kinausikia. Kagua pia skrubu za reli yenyewe, kama si ya kiwandani: mara nyingi kishikio kimekazwa vizuri juu ya reli iliyolegea. Ukikuta vyote vimekaza, badili aina ya risasi urudishe ile uliyosawazishia.

Kundi ni pana ingawa halihami. Hapo kilengeo ni cha mwisho kushukiwa. Jaribu kwa kuegemea vizuri zaidi, na kama kuna mtu mzoefu uwanjani, mpe apige kundi moja.

Kliki zimekwisha na bado uko mbali. Usilazimishe. Zungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu, rudi nusu, ndipo uangalie reli na kishikio. Kishikio kilichokaa upande, au uchafu chini ya kona moja, unaweza kumaliza marekebisho yote.

Nukta inawaka na kuzima ukipiga. Kifuniko cha betri hakijakaza, au kile kipande cha bati cha ndani kimelala. Kiinue kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha mbao. Baadhi ya CR2032 zina mpako mchungu wa kuzuia watoto wasizimeze, na mpako huo unaweza kuzuia umeme. Zifute kwa spiriti au tumia zisizo nao. Ikiendelea na betri nyingine, waya wa ndani umelegea: kirudishe kwa waranti.

Nukta inasogea juu ya shabaha ukisogeza kichwa. Kidogo ni kawaida, hata kwa vilivyoandikwa havina paralaksi (yaani huko kuhama kwa nukta), na huonekana zaidi karibu. Kipime: egemeza bunduki, tazama nukta kwenye shabaha ya mita 50, sogeza kichwa mpaka nukta ifike kila ukingo wa kioo bila kugusa bunduki. Ikihama sana, hicho si cha kutegemea. Ikihama kidogo, weka tu nukta karibu na katikati ya kioo unapotaka usahihi.

Kioo kina rangi ya buluu. Hivyo ndivyo kilivyo. Mpako unaorudisha mwanga mwekundu unapunguza wekundu wa unachokiona mbele, na vya bei nafuu huonyesha zaidi.

Ukungu. Ukiwa nje ya lenzi, futa. Ukiwa ndani, mpira umevuja na hakuna dawa ya nyumbani.

Lenzi imechafuka. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Pindo la shati lina chembe za mchanga, na mpako wa kioo cha bei nafuu ni mwepesi kukwaruzika.

Skrubu haitoki ulipotaka kubadilisha kishikio. Usipige nyundo. Gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde 20 hadi 30, betri ikiwa imetolewa, kisha zungusha kwa bisibisi inayoenea sawasawa. Gundi ya buluu inaachia kwa joto hilo dogo. Kama meno ya kichwa yameshaliwa, ishia hapo umwachie fundi, maana skrubu ikikatikia ndani ya kilengeo cha alumini, gharama ya kuitoa inaweza kupita bei ya kilengeo.